Nilimwambia baba yake chanjo zimekamilika, kumbe bado

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 31, mzaliwa wa Temeke. Kwa miaka minne sasa naishi Uingereza na mume wangu. Yeye anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Mimi nilikuwa nahudumia wazee mpaka mkataba ulipokwisha. Tuna mtoto mmoja wa kiume, ana miezi minane. Wiki tatu zilizopita nilikuja naye Dar ili bibi yake amwone, na tutakaa hadi atakapokuwa na miezi kumi na nusu hivi. Nakuandikia usiku nikiwa chumbani kwa mama, mtoto amelala ndani ya chandarua, mimi usingizi hauji.

Kule watoto huchanjwa wakiwa na wiki 8, wiki 12 na wiki 16. Mara mbili za kwanza nilimpeleka mwenyewe, zikaandikwa kwenye kitabu chekundu anachopewa kila mtoto. Ya wiki 16 ilitukuta tunahama nyumba. Barua ya miadi ilikwenda anwani ya zamani. Nikapiga simu, nikaambiwa kwa kuwa tumehama eneo nijiandikishe kwa daktari mwingine. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo mtoto akashikwa na mafua. Iliyofuata nikaitwa kazini, na kodi ya nyumba mpya ilikuwa haijatimia, nikaenda. Asubuhi moja mume wangu akaingia kutoka zamu, viatu bado viko mguuni, akauliza, "Zile sindano za mwisho vipi?" Nikajibu, "Tayari."

Mpaka leo sijui neno lile lilinitokaje. Nadhani niliwaza kwamba siku mbili tatu zijazo nitampeleka, basi litakuwa kweli. Sikumpeleka. Sasa imepita miezi minne.

Siku ya tatu tangu tufike Temeke, mama alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Akamgeuza bega la kulia, akapitisha kidole gumba, akageuza na la kushoto, halafu akaniangalia. "Mbona hana alama?" Nikamwambia kule BCG, chanjo ya kifua kikuu, haichomwi kwa kila mtoto. Akanyamaza. Jioni nikamsikia anamwambia jirani uani kwamba mjukuu wake hajachanjwa.

Jumatatu tukaenda kliniki. Mtoto akatundikwa kwenye mzani, akapimwa, yote vizuri. Kufika kwa nesi, akafungua kitabu chekundu, akaweka kalamu kwenye mistari mitupu, akaniuliza watu wote wanasikia, "Mama, hapa mbona pako wazi?" Akina mama kwenye benchi wakageuka. Nikasema karatasi nyingine nimezisahau kule. Huo ukawa uongo wa pili. Nesi hakunifokea. Alisema nirudi na maelezo kamili, na BCG nije siku wanayofungua kichupa. Tukarudi nyumbani, mama hasemi kitu njia nzima.

Nilipomgusia mume wangu kwenye simu kwamba bibi anataka mtoto achanjwe, alikataa palepale. "Zimekamilika, za nini tena? Usimchome chochote huko. Tutaendelea na za mwaka mmoja mkirudi." Anaogopa kuchanganya chanjo za nchi mbili, na anasema umeme ukikatika dawa zinaharibika. Mama naye anashikilia kwamba mwezi ujao, akitimiza miezi tisa, lazima apate ya surua.

Nikimchanja kimya kimya, kadi itanisuta. Nikisubiri, nahofia akiugua nitajilaumu maisha yangu yote. Nikisema ukweli, mume wangu ni mpole, lakini kitu asichokivumilia ni kudanganywa. Naona mimi ni mama mzembe, tena mwongo. Nisaidie.

Mama wa Njia Panda, Temeke

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na mtoto, maana naona hata wewe ungependa nianze naye.

Hajachanjwa, amesema bibi yake, na nahisi nawe umeanza kuliamini neno hilo. Tulitazame vizuri. Wiki 8 na wiki 12 alipata dozi mbili za ile sindano ya magonjwa sita: dondakoo, pepopunda, kifaduro, polio, homa ya ini ya aina ya B, na Hib, wale bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kama ulimpeleka siku zote mbili kama ulivyoandika, alipata pia matone ya kuzuia kuhara kunakoletwa na kirusi cha rota, ambayo kule hayaanzishwi tena mtoto akishapita wiki 15. Hayo uliyawahi. Alipata na dozi mbili za uti wa mgongo wa aina ya B, na ya tatu yake husubiri afikishe mwaka. Yote hayo yameshaingia mwilini mwake, na ulimpeleka wewe kwa miguu yako.

Pengo lipo, nami sitalipunguza ili ujisikie vizuri. Dozi ya tatu ya magonjwa sita haipo. Na kuna jambo ningependa ulikague kwenye kitabu kesho asubuhi: kuanzia Julai 2025 Uingereza ilihamisha dozi ya kwanza ya chanjo ya nimonia, ile ya pneumokoka, kutoka wiki 12 kwenda wiki 16. Kwa umri wa mwanao, huenda siku ile moja uliyoikosa ndiyo iliyokuwa siku yake. Kama ni hivyo, hana dozi hata moja ya nimonia, na nimonia ndiyo inayoua watoto wengi chini ya miaka mitano duniani kuliko maambukizi mengine yoyote. Nakwambia hili si kukutisha. Nataka ukikaa na nesi ujue la kuuliza.

Sasa hofu ya baba yake, kwamba chanjo za nchi mbili zitagongana. Ni hofu ya mzazi anayejali, usiidharau. Ila ukizitazama hizo chanjo zenyewe, zinalenga magonjwa yaleyale. Huku manesi wanaita penta: magonjwa matano kwenye sindano moja, polio inatolewa pembeni kwa matone na kwa sindano. Kule wameyafunga sita pamoja. Ya nimonia ipo huku tangu ratiba ya wiki 6, 10 na 14. Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia, hata miezi ikiwa imepita. Kwa hiyo anayetaka kuziba pengo hapa anaweza, na katika vituo vya serikali chanjo za ratiba hii hutolewa bure.

Kinacholeta shida kwa kawaida ni maandishi. Nesi wa Uingereza akikosa ushahidi ulioandikwa wa chanjo, au maelezo ya mdomo ya kuaminika, mwongozo wake unamtaka amhesabu mtoto kuwa hakupewa. Kwa hiyo chochote utakachofanya Dar, kama utafanya, kadi iwe na jina la chanjo, tarehe na muhuri, namba ya toleo la kichupa ikiwezekana, na upige picha kabla hujaondoka dirishani.

Na hilo la umeme. Chanjo hizi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na waliozitengeneza walijua kuna nchi za joto na umeme unaokatika. Vichupa vinavyotumika kwenye kliniki zetu huwa na duara dogo kwenye lebo au juu ya kifuniko, na ndani ya duara kuna mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa haijaunguzwa na joto. Ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, kichupa kinatupwa. Mama yeyote anaweza kumwambia nesi, "Naomba nikione." Nimewahi kuomba mwenyewe nilipompeleka mjukuu wangu, na yule binti alikinyanyua kwenye mwanga akanionyesha, akaniambia ni mara yake ya kwanza mwezi ule kuulizwa. Mume wako angeweza kutumiwa picha ya duara hilo. Mtu anayeogopa kitu kilicho mbali hupata nafuu akikiona.

Nije kwa mama yako na lile bega. Ulimjibu kwamba kule BCG haichomwi kwa kila mtoto, na ni kweli. Waliacha kuwachoma wanafunzi wote mwaka 2005. Lakini mtoto ambaye mzazi au bibi au babu yake amezaliwa nchi yenye kifua kikuu kingi bado anastahili kupewa, na Tanzania ni miongoni mwa nchi hizo. Hutolewa akiwa na umri wa wiki nne hivi. Huenda hukuitwa, huenda barua ilipotea, huenda ulielezwa siku ile ya uchovu wa uzazi halikukaa kichwani. Kwa hiyo alipopitisha kidole gumba akatafuta alama, mama yako na mwongozo wa Uingereza walikuwa wanasema jambo moja. Pengine angefurahi kulijua hilo. Wabibi wetu wamezoea kuambiwa wamepitwa na wakati.

BCG ina mambo mawili ya kupima. Kule, mtoto ambaye hajachomwa na amekaa zaidi ya miezi mitatu kwenye nchi yenye ugonjwa mwingi hupimwa kwanza kifua kikuu kwenye ngozi kabla ya kuchomwa, na safari yenu itafika hapohapo kwenye miezi mitatu. Basi kuisubiri ya kule kunaweza kuongeza hatua. La pili, ukimchoma hapa, mkono ule usichomwe sindano nyingine kwa miezi mitatu, na kidonda kidogo kitatokea, kitakauka chenyewe, hakihitaji dawa wala kubandikwa kitu. Mtu wa kule ambaye hajawahi kukiona anaweza kushtuka. Kabla ya kuchoma watakuuliza pia afya yako na ya mtoto, pamoja na hali ya maambukizi ya VVU, kwa sababu BCG ni chanjo hai. Jibu kama ilivyo.

Lile neno la "siku ya kufungua kichupa" nahisi lilikukera. Kichupa kimoja cha BCG kina dozi 20, na kikishachanganywa kinatumika ndani ya saa sita, kinachobaki kinamwagwa. Nesi akimfungulia mtoto mmoja, dozi 19 zinapotea. Ndiyo maana wanawakusanya. Uliza ni siku gani, nenda mapema siku hiyo.

Surua ndiyo inayowagawa sana mama yako na mume wako, na hapa kila mmoja ana lake la kweli. Ratiba ya Tanzania inatoa surua na rubela miezi tisa, kisha miezi 18. Ya kule inaanza mwaka mmoja, ikiwa imechanganywa na matumbwitumbwi, na tangu Januari 2026 na tetekuwanga. Dozi anayopewa mtoto kabla ya mwaka kule haihesabiwi. Atachomwa zake mbili kama kawaida. Mume wako anaweza kusema, "Basi ya nini?" Na mama yako atasema, "Ya hiyo miezi mitatu katikati." Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Wala si ugonjwa wa huku tu: mwaka 2024 England yenyewe ilithibitisha wagonjwa zaidi ya 2,900. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto mwenye afya, mradi pawepo angalau wiki nne kati ya moja na nyingine. Faida yake inategemea mtakuwa wapi, na nani, nyumba ina wageni kiasi gani. Mnapaswa kulipima hilo ninyi wawili, mkiwa na taarifa moja.

Na hapo ndipo nilipokwama kwenye barua yako, mwanangu. Ninyi wawili hamna taarifa moja.

Umeandika kwamba mume wako amekataa. Nimejiuliza amekataa nini hasa. Anajua chanjo zimekamilika, akaambiwa bibi anataka mtoto achanjwe, akasema za nini tena? Mtu yeyote angejibu hivyo. Swali la kwamba dozi ya tatu haipo, na pengine ya nimonia haijaanza, tufanyeje, hajaulizwa. Kwa hiyo hujui bado angesema nini. Unaishi na jibu la swali ambalo hukuliuliza, na ndilo linalokukosesha usingizi.

Unajiita mzembe. Nimeisoma tena ile sehemu ya kuhama. Barua imekwenda nyumba ya zamani, simu ukapiga, mtoto akaugua mafua, kodi haijatimia, mwanamke ana mtoto wa miezi minne anarudi kuwageuza wazee vitandani. Mama yako hayupo, shangazi hayupo, jirani wa kumwachia beseni hayupo. Sijasoma uzembe hapo. Nimesoma mtu aliyezidiwa, halafu akaona aibu, halafu aibu ikamfunga miguu kuliko hata uchovu. Naomba pia ujiulize, bila kumlaumu mtu: wiki zile nne tano, mlikuwa mmeshakaa mkagawana nani anafuatilia kliniki? Au ilidhaniwa tu ni yako?

Nikizitazama njia zako, kila moja ina mwiba wake. Kumchanja kimya kimya kunamkinga mtoto upesi, na upesi hapa una thamani. Lakini akichemka homa usiku, kama wengine wanavyochemka, na baba yake akapiga simu kumwona, utasema nini? Kule nako, kadi ukiificha, manesi hawatajua kilichotolewa, na lengo lote la kuziba pengo litaharibika kwenye maandishi. Kusubiri kunakulinda wewe dhidi ya ugomvi kwa miezi miwili na nusu, na kunamwacha yeye wazi kwa muda huohuo, ukiongeza na siku za kujiandikisha kwa daktari mpya, ambazo safari iliyopita zilikushinda. Kusema ukweli kunaweza kuleta ukimya mchungu kwenye simu. Umesema kitu asichokivumilia ni kudanganywa, nawe unamjua kuliko mimi. Ila kuna tofauti kati ya mtu kuambiwa na mtu kugundua, na umri wa uongo nao huhesabiwa: wa miezi minne si sawa na wa mwaka.

Unaweza kuanza na mama yako. Angekushika mkono, na pengine ameshahisi. Ukimya wake njiani haukuwa wa mtu asiyejua kitu. Kuwa mwangalifu hapo lakini. Kwa desturi zetu mwanamume akijua kwamba mkwewe alikuwa na siri ya nyumba yake kabla yake, jeraha linakuwa mawili. Kama utamwambia mama, labda umwambie pia kwamba baba wa mtoto ataambiwa na wewe, na lini.

Nesi yule pia yupo. Hakukufokea, alikuachia mlango: rudi na maelezo kamili. Ukifika saa moja asubuhi kabla foleni haijajaa, unaweza kumwomba mzungumze pembeni, ukamwambia, "Hakuna karatasi nyingine. Hizi ndizo zote." Anayesimama dirishani pale amewaona akina mama wa kila namna, waliohama, waliofiwa, waliofukuzwa nyumbani na kadi zikabaki. Atakupangia anachoweza kutoa siku ile na kinachosubiri miezi tisa. Kupanga hakukulazimishi kuchoma. Unaweza kuondoka na ratiba iliyoandikwa, ukaizungumza nyumbani. Na zahanati ya kule huenda wakakujibu kwa barua pepe ukiwatumia picha ya kurasa hizo, wakakwambia wao wangependa nini kifanyike sasa. Jibu lao lingemtuliza baba yake zaidi ya maneno yangu au ya bibi.

Sitakuchagulia. Ni mtoto wenu na ni ndoa yenu. Ila kama siku utakayoamua kumpigia itafika, usimpigie usiku akiwa ghalani, simu inakatika na msimamizi anaangalia. Akitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi ya kule, huku ni saa mbili au saa tatu kutegemea majira, mtoto ameshaoga na mama yako yuko sokoni. Mwache avue viatu kwanza.

Nisalimie mama yako, na uniandikie tena.